Gari imeanza kufunga breki yenyewe na mbele hamna kitu, nimebadilisha kioo tu. Wenye SUV za kamera njooni

Baba wa Mbezi Mwisho

Wakuu habari za mihangaiko.

Nina SUV ya familia, namba E, jina sitaji maana najua uzi utageuka vita ya Toyota na Subaru alafu swali langu lipotee. Nimeagiza Japan mwaka jana. Ina zile kamera mbili juu kabisa ya kioo cha mbele, moja huku moja kule, katikati kuna kioo cha kuangalia nyuma. Ukimsogelea mtu vibaya inapiga kelele, usipostuka inafunga breki yenyewe.

Mwanzoni nlikuwa naona ni pambo. Kuna siku jioni Sam Nujoma karibu na Mwenge, foleni inajivuta, mke wangu ananionyesha kitu kwenye simu (najua, msinishambulie), bodaboda kamchomekea daladala, daladala kasimama ghafla, mi nakuja kustuka gari imeshasimama. Mguu wangu haujafika hata kwenye breki. Kati yangu na bampa ya ile Coaster unapitisha mkono tu. Mtoto wa mwisho nyuma anauliza baba nani kakanyaga breki. Sikuwa na jibu.

Toka hapo nikaiheshimu. Sasa shida. Mwezi uliopita natoka Moro, nimeipita Chalinze, lori la kokoto likanirushia jiwe. Ufa ulianza kama urefu wa kidole, nafika Kibaha umeshavuka upande wa pili. Nikaenda kwa fundi wa vioo, ofisi yake siitaji, kioo na kufunga laki mbili na themanini. Nikamuuliza na hizi kamera je, akasema "hizo tunazirudisha palepale bosi, hamna shida". Na kweli alizirudisha palepale. Ila toka siku hiyo taa ya njano ya kamera inakuja inaondoka, na juzi nateremka Kimara kuja Ubungo, niko kwenye 60, mbele kweupe kabisa, ikapiga kelele ikafunga breki. Nyuma yangu kuna Fuso. Jamaa alipiga honi ndefu ile mpaka leo naisikia.

Nizime huu mfumo nisahau? Kuna mtu hapa Dar anaweza kuziweka sawa hizi kamera? Wife anasema tuuze tununue gari la zamani lisilo na akili.

Mtoto wa Turbo

Kamera mbili juu ya kioo alafu unasema hutaji gari hahahaha. Karibu chama cha Subaru mkuu.

Baba wa Mbezi Mwisho

Nimekamatika 😂 endeleeni.

fundi_waya

Mleta uzi kabla sijakujibu, hiyo ya Kimara ilikuwa saa ngapi? Na kioo kilichotoka kiko wapi, umekitupa?

Baba wa Mbezi Mwisho

Saa moja asubuhi nampeleka mtoto shule. Kioo cha zamani alibaki nacho fundi.

fundi_waya

Sawa. Ntaandika ndefu kidogo maana naona watu wengi wananunua hizi gari na hawajui wamenunua nini.

Huo mfumo unaitwa EyeSight, Subaru wameanza kuuweka kwenye gari za Japan 2008. Kwenye gari nyingi za hivi hauna rada mbele, unategemea macho tu. Kamera ya kushoto na ya kulia zinaona picha ileile kwa tofauti ndogo, na kwenye hiyo tofauti ndo kompyuta inapiga hesabu kitu kiko mita ngapi. Funga jicho moja jaribu kutunga uzi kwenye sindano utanielewa. Sasa fikiria kamera moja imepinda kidogo sana, kiasi ambacho wewe kwa macho huwezi kuona, kwenye mita 50 mbele hesabu inakuwa imeharibika vibaya. Gari inaweza kuona kitu kipo karibu wakati kiko mbali, au kibaya zaidi ione kipo mbali wakati kipo karibu. Wewe umeona ile ya kwanza, shukuru Mungu.

Alafu kioo chenyewe. Kile cha kiwandani pale mbele ya kamera kimenyooka, unene wake unajulikana. Kioo cha mtaani ukikitazama kwa pembeni unaona nyumba zinacheza kama unaangalia kwenye maji. Kwa macho yako haina shida utazoea, kwa kamera ni sawa na kuvalishwa miwani ya mtu mwingine. Kuna na kitu cha kijinga zaidi, wakati wa kubadilisha mafundi wanashika lenzi na vidole vyenye gundi. Lenzi ile haiguswi na vidole kabisa, hata mwenye gari kitabu kinamkataza asiiguse.

Kuhusu saa moja asubuhi, pale Kimara ukiteremka kwenda mjini jua linakupiga usoni. Jua likiwa chini hivyo kamera hata zikiwa nzima zinaweza kujizima kwa muda, na gari ikichemka juani pia zinajizima, zikipoa zinarudi. Hiyo ya kujizima sio ugonjwa. Kufunga breki barabara nyeupe ndo ugonjwa.

Kwa sasa hivi zima. Kitufe kiko juu huko huko kwenye kamera, kishikilie sekunde mbili tatu mpaka taa yake iwake kwenye dashibodi. Ukizima gari ukiwasha tena unarudi wenyewe, kwahiyo kila asubuhi ukumbuke. Na ile kruzi ya kumfuata wa mbele usiiguse kabisa, inatumia macho hayohayo.

Kuweka sawa inawezekana. Unahitaji mashine ya kusoma gari inayoelewa hiyo kampuni, ubao wenye michoro unaosimamishwa mbele kwa umbali uliopimwa, na sakafu iliyonyooka. Upepo wa tairi uwe sahihi, ndani kusiwe na mizigo. Sio kazi ya chini ya mwembe.

Chui wa Goba

Ndo maana mi nlichukua Harrier. Mjapani wa Toyota anatumia rada, mvua inyeshe, moshi uje, inaona tu. Macho macho ya nini kwenye karne hii.

fundi_waya

@Chui wa Goba Harrier yako ya mwaka gani? Toyota Safety Sense imeanza 2015, kwenye Harrier imekuja na yale maboresho ya 2017. Kama ni ya 2014 labda mwenyewe wa kwanza Japan aliongezea hela, la sivyo unajisifia nembo. Na hata hiyo ya 2017 ina rada moja na kamera moja juu ya kioo, kwahiyo ukivunja kioo tunakutana hapahapa.

Chui wa Goba

2018 kaka. Namimi ngoja nikiri kitu. Rada yangu ilishaibiwa.

Mtoto wa Turbo

Kivipi tena 😂😂

Chui wa Goba

Nimepaki Kariakoo dakika ishirini narudi nembo ya mbele hamna. Sikujali, nikaenda Gerezani nikapata nyingine safi inang'aa kuliko hata ya mwanzo, elfu thelathini nikabandika. Kesho yake dashibodi imejaa maandishi ya Kijapani. Nimezunguka na hilo tatizo wiki mbili ndo jamaa mmoja akanambia ile nembo ya kwanza haikuwa nembo, ilikuwa kifuniko cha rada, ndo maana ilikuwa bapa kama plastiki laini. Hii mpya ina ile rangi ya kung'aa ya chuma na imeinuka, mawimbi hayapiti. Nimeitoa, maandishi yakapotea.

fundi_waya

Hiyo ndo Dar es Salaam. Na wale wa kufunga ngao mbele ili waonekane wa shamba, ndo hivyohivyo, umeiwekea rada nondo usoni. Nyuma pia, zile SUV zinazokutahadharisha wakati unarudi nyuma kuna gari inapita, rada zake zimejificha kwenye kona za bampa ya nyuma. Ukigongwa ukapigwa puti nene ukapakwa rangi juu, inaonekana mpya ila imeshakuwa kipofu.

Mzee Gia Nne

Nawasoma tu. Mimi nimeanza kuendesha na Peugeot 504, Dar Mbeya unalala njiani, gari haina chochote cha kukusaidia zaidi ya honi. Sijawahi kugonga. Hizi gari zenu zinawalemaza. Kijana anasema mwenyewe alikuwa anaangalia simu, gari ikamwokoa, kesho ataangalia tena maana anajua kuna yaya. Na hizo gari zenu zinazolia ukitoka kwenye mistari ya barabara, mistari ipi? Toka hapo Mbagala nenda mpaka Kongowe unioneshe mstari wa barabara uliokamilika. Mjapani katengeneza kitu cha kwao ambako kila mtu anakaa kwenye njia yake, huku kwetu mtu anatanua kushoto anakurudia kulia alafu anakunyooshea mkono asante kabla hujamruhusu.

Kipepeo_Kigamboni

Mzee wangu shikamoo. Hilo la mistari nakuunga mkono asilimia zote, mi ile ya kutunza njia nimeizima siku ya tatu, inalia mpaka watoto wanaigiza. Na ile kruzi ya kuacha nafasi ukiitumia barabara ya Morogoro hufiki, unaacha nafasi ya gari moja wanachomekea wawili na bajaji juu.

Mtoto wa Turbo

@Mzee Gia Nne shkamoo mzee, sahivi unaendesha nini?

Mzee Gia Nne

Marahaba. Prado.

Mtoto wa Turbo

Prado ina ABS mzee. Ukikanyaga breki kwenye maji matairi hayajifungi, kompyuta inakubonyezea inaachia mara nyingi kwa sekunde kuliko mguu wako wa 504. Hiyo nayo ilianza kama uchawi kwa Mercedes 1978. Yaya unaye siku nyingi tu 😂

Mzee Gia Nne

Hiyo ni breki, sio kamera. Lakini nimekusikia.

Mama wa Watatu

Naomba kuuliza swali na mleta uzi usinielewe vibaya kaka. Umesema siku ya Mwenge mtoto wa mwisho aliuliza nani kakanyaga breki. Aliuliza akiwa amekaa wapi?

Kipepeo_Kigamboni

Hapo sasa.

Mtoto wa Turbo

Mleta uzi unaitwa huku.

Baba wa Mbezi Mwisho

Dada yangu nlikuwa nimelikwepa hilo makusudi. Alikuwa amesimama. Katikati ya viti vya mbele, kashika kiti changu na cha mama yake, ndo sehemu yake ile anayopenda aone njia. Gari ilivyofunga alikuja mbele na mdomo ukapiga kwenye kiti cha mama yake, akauliza lile swali damu inamtoka. Jino la mbele lilikuwa la utoto, limetoka. Tulikuwa kwenye foleni ile, sidhani hata nlikuwa nimefika 30.

Nliandika ile stori kama gari imetuokoa wote kwasababu ndo nnavyowahadithia watu. Ukweli imeokoa bampa yangu na ya mwenye Coaster.

Mama wa Watatu

Pole sana kaka, na asante kwa kusema. Sikuulizi kukusuta, mimi wa kwangu alikuwa anakaa mapajani kwangu mbele mpaka siku nesi mmoja pale kliniki alinielekeza vizuri. Mkanda tunavaa sisi wakubwa sababu ya trafiki, watoto hawapigwi faini basi wanaruka ruka. Lakini ile breki ya mashine inaweza kuwa kali kuliko unavyokanyaga siku zote, haikuonei huruma, inakuja hujajiandaa. Kwahiyo hizi gari mpya ndo zinahitaji mtoto afungwe zaidi.

Shika kiti cha nyuma, ingiza mkono pale mgongo wa kiti unapokutana na makalio, utagusa vyuma viwili vimejipinda kama herufi ya U. Hizo ni isofiksi, karibu gari zote hizi tunazoagiza sasa hivi zinazo na wengi hawajawahi kuziona. Kiti cha mtoto kinang'ata hapo, kinalia ka, unakivuta hakitoki. Vya mtumba vinapatikana ila angalia mikanda isiwe imekatwa, na usichukue kilichowahi kupata ajali. Wa chini ya mwaka mmoja anaangalia nyuma, na asikae mbele kabisa kama kuna mfuko wa hewa mbele yake, ule hautoki kama puto ya bethidei, unatoka kama ngumi.

Bei sio ndogo, nakubali. Ila tunafunga rimu za milioni.

Chui wa Goba

Hiyo ya rimu imenigonga mimi binafsi.

Jicho la Bandari

Mimi natoa magari bandarini, niongeze la mifuko ya hewa maana mama kaligusa. Kuna ile skendo ya Takata ya Japan, walikuwa wanatengenezea eabegi Toyota, Honda, Nissan, Mazda, wengi tu. Ile dawa inayolipua mfuko ni amoniamu naitreti, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali inalipuka kwa nguvu mpaka kikopo cha chuma kinapasuka vipande vinamrukia dereva. Marekani peke yake eabegi karibu milioni 67 ziliitwa kurudishwa, na kampuni ikafilisika 2017. Sasa niambieni sehemu gani ina joto na unyevu kama hapa kwetu. Gari inaachwa juani Posta kutwa nzima, miaka kumi.

Kama gari yako ni ya miaka ya 2000 mpaka 2015 hivi, chukua namba ya chesesi ingiza kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, wanakwambia kama ilitakiwa kubadilishwa na kama ilibadilishwa. Dakika tano. Nyingi zilishafanyiwa kulekule kabla ya mnada, ila sio zote.

Na ukienda yadi kununua, washa swichi bila kuwasha injini, taa ya eabegi lazima iwake alafu izime yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa kimbia. Kuna mafundi wanatoa balbu au wanaiunganisha na taa nyingine ili usijue kwamba nyuma ya usukani hamna kitu, kuna kifuniko tu kimebandikwa na gundi. Nimeshaona na macho yangu.

Kipepeo_Kigamboni

Wale wenye kile kichuma cha kuchomeka kwenye mkanda ili usilie, mmesikia. Mfuko umepigiwa hesabu mtu amefungwa. Usipofungwa unaukuta njiani.

Mzee Gia Nne

Mimi mkanda navaa toka zamani. Ule wa pointi tatu katengeneza mtu wa Volvo, Nils Bohlin, 1959, na kampuni ikaacha wengine wote wauige. Hiyo ndo teknolojia ninayoikubali, haina kamera, haina programu, haitaki kioo cha laki mbili.

Mtoto wa Turbo

Mzee leo umetuacha 🙌

fundi_waya

Na tairi. Nimesahau kusema tairi. Kamera ikisema simama, kinachosimamisha gari ni mpira na lami basi. Angalia ubavuni kuna namba nne, mfano 2318, maana yake wiki ya 23 mwaka 2018. Kuna watu wana mfumo wa milioni kadhaa juu, chini wamevaa mtumba umekauka una nyufa kama kisigino kilichopasuka.

Mleta uzi, umeenda?

Baba wa Mbezi Mwisho (siku tisa baadae)

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Kwanza nlizima kama nlivyoelekezwa. Alafu nikapata karakana moja, wana ubao wenyewe na sakafu ya tailizi imepimwa kwa pimamaji. Jamaa hata hakuwasha mashine, alichukua tochi akaangalia kioo kwa pembeni pale mbele ya kamera akaniita nione. Taa ya dukani kwake ukiitazama kupitia kioo inakatika katikati inaungana tena. Akasema hapa hata nikuwekee ubao wa dhahabu haitakaa sawa. Ikabidi tutafute kioo cha kutoka kwenye gari kama yangu iliyokatwa, chenye alama ya kiwandani kwenye kona, nikalipa mara mbili. Yule wa kwanza nimemrudia, kanambia kioo alichonifungia hakina tatizo kwasababu hakivuji.

Kioo kikafungwa, kikaachwa kikauke mpaka kesho yake, lenzi zikasafishwa na kitambaa chao maalumu, tairi zikajazwa upepo, akanitolea kila kitu kwenye buti mpaka maji ya kunywa. Akabandua na stika ya Yanga iliyokuwa juu ya kioo, hapo roho iliniuma kidogo. Akapiga na kidole kwenye dashibodi akauliza hii inang'aa hivi umepaka nini. Kumbe ile polishi wanayopuliza kule kwenye kuoshea magari inarudisha mwanga kwenye kioo, kamera inaona vivuli. Miaka yote mi nawapa vijana elfu moja ya ziada wang'arishe.

Kazi ya ubao yenyewe haikufika saa moja. Taa ya njano haijarudi. Nimeteremka Kimara asubuhi mara nne, jua usoni, mara moja ilijizima ikarudi pale Ubungo kwenye daraja, haijafunga breki ya uongo.

Kiti cha mtoto nimenunua. Vile vyuma vya U nilivipata, ndani yake kulikuwa na karanga na shilingi mia mbili. Amegoma siku mbili, anasema haoni njia. Mwisho tumeelewana, kiti kinakaa upande wa kushoto ili awaone bodaboda.

Mama wa Watatu

❤️ Jino limeshaota?

Baba wa Mbezi Mwisho

Linachungulia.

Mwamba wa Tegeta

Uzi mzuri sana wakuu, nimesoma wote. Sasa na mimi nisaidiwe, yangu kila nikiwasha kuna dada anaongea Kijapani sentensi moja alafu ananyamaza. Ananitahadharisha nini? Breki? Mkanda?

Jicho la Bandari

Anakwambia hujaweka kadi ya ETC, ya kulipia zile barabara zao za kulipia. Kuna kidude kama cha kadi ya simu chini ya usukani au kwenye droo ya mbele, chomoa waya wake.

Mwamba wa Tegeta

Miaka mitatu nlikuwa namuitikia salama.